Nguzo ya Nne Imenyamaza

Harkerdale, Yorkshire, 1979

3 Septemba
Shule zimefunguliwa. Watoto wamepita mbele ya dirisha langu na sare mpya zinazowapwaya, na mimi, mwalimu mstaafu wa uchoraji, sina tena kengele ya kunikimbiza. Nilitembea hadi stesheni kama kila asubuhi, nikanywa chai kwenye mkahawa wa Nora Tordoff uliopo pale jukwaani, nikakaa kwenye benchi chini ya paa la jukwaa la pili. Wiki ijayo injinia wa reli anakuja kulikagua paa hilo. Nora amesikia kwamba huenda wakalishusha. Kwa hiyo nimeamua kuandika kidogo kidogo hadi Krismasi. Ukipenda kitu, ni vizuri uandike kilivyo kabla wengine hawajaanza kukisemea.

6 Septemba
Mvua ya kwanza ya vuli, ile nyembamba inayokuja kwa ubavu kutoka milimani.

Miaka yangu ya kazi, siku kama hii ndiyo niliyoingoja nilete darasa hapa. Watoto walidhani stesheni ni ukuta wa mawe meusi na saa inayochelewa. Niliwaambia watazame juu. Waliojenga mahali hapa zaidi ya miaka mia iliyopita, enzi za Malkia Victoria, hawakuweka paa moja la mteremko. Walikunja vioo kama mtu anavyokunja karatasi kutengeneza kipepeo cha mkono, mgongo na bonde, mgongo na bonde, jukwaa zima. Mwanga huingia kutoka pande mbili, na mvua haipati mahali pa kutuama. Huteremka mabondeni hadi kwenye mifereji. Na mifereji inapeleka wapi? Hapo watoto walitafuta mabomba ukutani wasiyaone. Mabomba ni nguzo zenyewe. Kila nguzo ya chuma, na majani yake ya mapambo kichwani na mikono yake miwili inayoshika paa, ina uwazi ndani kama bua la mwanzi. Imebeba paa kwa nje na mvua kwa ndani. Kisha niliwaambia wabandike masikio kwenye chuma, na darasa zima lilinyamaza, jambo ambalo sikuweza kulipata darasani.

Leo nilibandika sikio langu mwenyewe. Jukwaa la kwanza nguzo zote zinasema. Jukwaa la pili zinanong'ona. Nguzo ya nne, iliyo mbele ya mlango wa Nora, haisemi kitu, na chini ya mkono wake kuna mchirizi wa kutu kama chai iliyomwagika.

Hata hivyo namshukuru fundi yule, sijui jina lake, aliyefikiria kwamba kitu kimoja kinaweza kufanya kazi mbili bila kujisifu.

7 Septemba
Mvua. Nguzo ya nne kimya.

10 Septemba
Clem Sugden alikuwa bustanini alfajiri, amepiga magoti kama yuko kanisani. Clem alikuwa mtu wa ishara. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye kile kibanda cha juu ng'ambo ya reli, akivuta vishikizo vya kubadilisha njia. Tangu astaafu, kazi yake ni tuta la mawaridi linalozunguka miguu ya nguzo za jukwaa la pili kutoka mwisho hadi mwisho, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Mawaridi hayo yameiletea stesheni yetu kombe la bustani bora mara nyingi, na Clem hakosi kulitaja.

"Unaona haya?" aliniambia. "Kiangazi chote sijayapa hata kikombe cha maji. Na ule ukame wa miaka mitatu iliyopita, watu wakioga kwa zamu, yangu yalichanua kama harusi. Waamuzi waliniuliza siri yangu."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia ni mkono."

Nora alikuwa mlangoni na kitambaa chake. "Ni mbolea ya farasi wa kaka yangu, mzee muongo wewe. Lete hilo kombe tukingie maji, dari yangu inavuja tena."

Clem hakucheka. Kwa kweli mtu huyu hunichosha kidogo. Anaitazama stesheni nzima kama chungu cha maua yake.

12 Septemba
Injinia amekuja. Nilimtarajia mzee mwenye mkoba. Alishuka kijana mwenye kilemba cha buluu, ndevu zimefungwa vizuri, ngazi begani. Jina lake Gurdial Sodhi.

Nora humwita kila mtu mpenzi, hata paka, hata askari wa trafiki. Alimpa kikombe na kumuuliza, "Umetoka wapi, mpenzi?"

"Bradford."

"Najua, lakini kwa asili?"

"Kwa asili? Bradford, nyuma ya kiwanda cha sufu. Mama anasema nilizaliwa ndani ya basi, lakini hata hilo basi lilikuwa la Bradford."

Nora alicheka mpaka akaketi, akampa kipande cha keki bila kumtoza.

Kijana alifanya kazi hadi jioni. Alizigonga nguzo kwa nyundo ndogo moja baada ya nyingine, akisikiliza. Niliogopa uso wake. Alikuwa na ule utulivu wa daktari ambaye bado hajaamua atakwambia nini.

15 Septemba
Ukungu. Treni zimechelewa zote.

29 Septemba
Sodhi alirudi mwenyewe kutueleza, nami nilimheshimu kwa hilo. Angeweza kutuma karatasi.

Tuliketi watatu na yeye mkahawani kwa Nora. Nguzo tatu za jukwaa la pili zina nyufa, alisema, za kusimama, kutoka chini kwenda juu. Ya nne ndiyo mbaya zaidi. Chuma cha kumiminwa kina nguvu ukikikandamiza, lakini kikipasuka hakionyi. Theluji nzito ikilala juu ya vioo vile, hawezi kuapa kwamba paa litasimama.

"Kwa hiyo?" Nora aliuliza.

"Pendekezo la ofisi ni kulishusha kabla ya theluji. Wataweka kibanda cha bati pale katikati, chenye benchi."

"Na mkahawa wangu?"

Sodhi alikitazama kikombe chake. Mkahawa umeegemea paa lile; ukilitoa, ukuta wa mbele wa Nora unabaki wazi kama meza isiyo na miguu ya upande mmoja.

Clem alisema, "Maua yatabaki, lakini?"

"Clem!" Nora alimkemea. "Mimi ninafukuzwa na wewe unauliza maua!"

Nilimuuliza kijana nyufa zimetokana na nini. Alisema uzee. Nikamwambia paa la jukwaa la kwanza ni la mwaka uleule, limetoka kalibu zilezile, na mvua ileile inalinyeshea, mbona lenyewe ni zima? Kisha akasema, "Hilo ni swali zuri, Mwalimu. Nipe jibu lake kabla ya mwanzo wa Desemba, jibu ninaloweza kulishika kwa mkono, nami nitawapelekea. Bila hilo sina la kusema."

Wiki mbili zilizopita nilimwona kama mtu wa shoka. Leo nimemwona kama mtu aliyeacha mlango wazi kidogo makusudi.

4 Oktoba
Nimechora jukwaa la pili lote, nguzo kwa nguzo. Macho yangu si yale, lakini mkono bado unajua. Pindo la mbao linaloning'inia ukingoni mwa paa, lililokatwa kama meno ya msumeno, lilinichukua asubuhi nzima. Watu hudhani ni pambo. Kila ncha ya jino hukusanya tone na kulidondosha relini badala ya kwenye kofia ya abiria. Hapa hakuna urembo usio na kazi, wala kazi isiyo na urembo. Nilichora nikiwa na huzuni, nikamaliza nikiwa na furaha. Sijui kwa nini.

9 Oktoba
Mvua usiku na mchana. Nora ameweka ndoo tatu.

17 Oktoba
Leo nilivuka kwenda jukwaa la kwanza kuchora upande ule pia, ili nilinganishe. Nilifika chini ya nguzo, penseli ikasimama.

Mguuni pa kila nguzo ya jukwaa la kwanza kuna kifuniko kidogo cha chuma, ukubwa wa kiganja, kimechorwa ua. Nimekiona maisha yangu yote. Nimewafanya watoto wakichore. Ni mahali ambapo wapagazi wa zamani walifungua kila vuli na kuvuta majani yaliyoingia na mvua, kabla reli haijawapunguza wapagazi. Upande huu vimebaki kwa sababu mizigo ilipita hapa, na hakuna aliyeweza kupanda kitu.

Jukwaa la pili hakuna kifuniko hata kimoja. Siku zote nilidhani wajenzi walibana matumizi upande ule. Leo nilitazama ng'ambo, kwenye tuta la Clem lililoinuliwa hadi magotini mwa nguzo ili waamuzi wasione chuma kitupu, nikafikiri: vifuniko vipo. Viko chini ya udongo.

Kisha nikakumbuka mawaridi yasiyohitaji maji, hata mwaka wa ukame. Yanakunywa wapi?

Nilikaa kwenye benchi mpaka mkono ukafa ganzi. Mizizi ikitafuta maji huingia penye ufa mwembamba kuliko uzi, halafu hunenepa humohumo. Ikiziba njia ya chini, nguzo hubaki imejaa maji kama chupa. Na maji yakiganda hutanuka. Kila mtu wa hapa aliyewahi kusahau chupa ya maziwa mlangoni mwezi Januari anajua kinachotokea: hupasuka.

Sikumwambia mtu.

18 Oktoba
Sikumwambia mtu.

21 Oktoba
Kama nimekosea, nimemvunjia mtu heshima bure. Kama nimepatia, ni vibaya zaidi. Mwaridi ule mkubwa wa nguzo ya nne aliupanda Hetty, mke wa Clem, marehemu. Aliupanda pale kwa sababu ndipo palipoonekana vizuri kutoka dirisha la kibanda cha ishara. Clem alipokuwa zamu ya kutwa, Hetty alikuja kupalilia, wakapungiana mikono juu ya reli. Mji mzima ulijua saa ya kupungiana.

28 Oktoba
Saa zimerudishwa nyuma usiku wa kuamkia leo, kama nchi nzima inavyofanya kila vuli. Giza linaingia na chai ya alasiri. Saa ya stesheni haijarudishwa na mtu, kwa hiyo sasa inawahi badala ya kuchelewa. Abiria wote wamefurahi.

5 Novemba
Usiku wa mioto. Watoto wamechoma sanamu yao uwanjani, kama kila mwaka, kukumbuka njama ya kale ya kulipua Bunge, na Nora ameoka keki ya tangawizi na shayiri, nzito kama tofali na tamu kama dhambi. Nilikula vipande viwili, nikamwambia yote.

Alisikiliza mpaka mwisho, jambo adimu kwake.

"Una hakika?"

"Sina. Lazima tuchimbe ndipo tujue."

"Basi chimba usiku, Clem asijue."

"Nora, ni mwaridi wa Hetty."

Alifuta meza ambayo haikuwa na kitu. "Hetty alikuwa shoga yangu," alisema. "Angekuwepo angeshachimba yeye mwenyewe, na juu ya hayo akamtukana Clem. Lakini hayupo. Mwambie wewe. Na usimwambie kwa hotuba, mpenzi. Wewe ukiulizwa saa unaanza na jinsi jua lilivyoumbwa."

8 Novemba
Nilimwambia Clem leo. Nilianza na hotuba.

Nilieleza mifereji, nikaeleza nguzo tupu, nikaeleza vifuniko. Alinisikiliza ameegemea sepetu, anaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesubiri nimalize ili aniulize habari za afya. Nilipofika kwenye mizizi alisimama wima.

"Sema tena hapo."

Nikasema tena, kwa ufupi sasa.

"Unaniambia Hetty ndiye aliyevunja paa."

"Sikusema hivyo, Clem. Hakuna aliyejua. Tuta lilipoinuliwa chama kizima cha bustani ya stesheni kilibeba udongo, hata mimi nilisukuma toroli."

"Ndicho unachoniambia. Miaka yote hii watu wanashuka treni wanasema, tazama mawaridi yale. Na wewe na penseli yako umeona nini? Umeona ugonjwa."

"Nimeona paa litashushwa."

"Lishushwe!" alisema. "Bati nalo huzuia mvua."

Akaondoka, akaacha sepetu imesimama udongoni. Nilitaka kumfuata. Miguu ilikataa, nadhani kwa busara.

9 Novemba
Clem hakuja.

10 Novemba
Hakuja. Nora anaweka kikombe chake mezani kila asubuhi, kisha anakiondoa.

11 Novemba
Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Ua jekundu la karatasi kifuani, baragumu, kimya. Clem alisimama safu ya mbele na nishani zake, mimi ya nyuma. Tulipotawanyika alinipita bila salamu, lakini alipunguza mwendo. Nililipokea hilo.

15 Novemba
Nimefikiri sana juu ya neno alilonitupia. Ni kweli nimekuwa nikiitazama bustani ile kwa dharau kwa miaka, kama kilemba cha maua juu ya kichwa cha mtu wa heshima. Niliona nguzo, sikuona kwa nini mtu angetaka kupanda kitu kando yake. Ilhali aliyechonga kalibu ya nguzo hizi alizipa majani ya chuma kichwani. Yeye na Hetty walitaka kitu kilekile: msafiri aliyechoka akishuka hapa akute kijani. Hetty hakuona majani yale kutoka chini, akapanda yake.

19 Novemba
Jalidi ya kwanza, nyeupe juu ya mawe ya chokaa. Nguzo ya nne imetoa sauti alfajiri, mlio mfupi kama kijiti kinachovunjwa. Nora aliusikia akiwa ndani, akatoka na kisu cha mkate mkononi akidhani ni mwizi. Tulitazama. Ufa umepanda, sasa unafika kifuani kwangu. Desemba inakaribia.

Nilimwambia, "Kesho nitachimba mwenyewe."

"Hutachimba," alisema. "Mpe siku chache. Namjua."

23 Novemba
Jalidi imeyeyuka, na leo mvua kubwa, mvua hasa, inayopiga ngoma kwenye vioo. Nilikuwa ndani kwa Nora. Alinishika mkono akanielekeza dirishani kwa kidevu.

Clem alikuwa jukwaa la pili, amevaa koti lake la zamani la reli. Alivua kofia. Akabandika sikio kwenye nguzo ya nne. Alikaa hivyo muda mrefu, amefumba macho, mkono mmoja juu ya chuma kama mtu anayempima mgonjwa homa. Kisha akapanda daraja la miguu polepole, akashuka jukwaa la kwanza, akabandika sikio kwenye nguzo ya huko. Nikamwona anashtuka na kujitenga nayo, kama imemwita kwa jina. Akarudisha sikio.

Aliporudi alikuja moja kwa moja mkahawani, maji yakimtiririka. Nora akamimina chai.

"Zinaongea," Clem aliniambia.

"Ndiyo."

"Maisha yote nilikuwa juu kule kwenye kibanda. Mvua kwangu ilikuwa kitu cha kufuta kwenye kioo. Sikuwahi kusikia." Akanywa. "Watoto wako wa shule walijua, na mimi sijui?"

"Hukuwahi kuja darasani kwangu."

"Namshukuru Mungu kwa hilo," alisema. Nora akapasuka kicheko, Clem akafuata, nami nikacheka mpaka miwani ikaingia ukungu.

Kisha akasema, bila kututazama, "Nitachimba mimi. Mtu mwingine asiuguse mwaridi ule."

24 Novemba
Nitajaribu kuandika siku hii sawasawa.

Alikuwa amefika kabla yetu. Mawe meupe yalikuwa yamepangwa kando, na mwaridi wa Hetty ameshaupogoa ukabaki mfupi, vijiti vitano vya miiba. Alichimba kuuzunguka kwa mbali, kwa subira, akitumia mikono alipokaribia shina. Mimi nilishika ndoo. Nora alisimama na gunia lenye unyevu, tayari kama mkunga.

Mwaridi haukutoka. Aliuvuta, ukatingishika, lakini kitu kiliushika kutoka upande wa nguzo. Clem alipiga magoti akafuata mzizi kwa vidole. "Hapa pana chuma," alisema. Nikampa kitambaa akafuta. Kifuniko kidogo, ukubwa wa kiganja, na ua lake. Mzizi mnene kama kidole gumba ulikuwa umeingia ukingoni mwake na kukiinua kidogo.

Clem alilitazama ua lile la chuma kwa muda. "Mwalimu," alisema, "hili ni ua gani?"

Nilijua jibu. "Ni waridi," nilisema. "Alama ya Yorkshire yetu. Kila kifuniko wamekiwekea waridi."

"Basi lilikuwapo tayari," alisema.

Akakata mzizi kwa kisu, pigo moja, na kuukabidhi mche kwa Nora aliyeufunga kwenye gunia. Kisha akatia ncha ya sepetu chini ya kifuniko na kukibenjua.

Kwanza hakikutoka kitu. Ndani palikuwa na mizizi iliyosukwa kama mkia wa farasi, myekundu myekundu, imebana tundu lote. Clem aliingiza mkono hadi kiwiko, akashika, akavuta. Ilitoka kwa mkupuo mmoja, ndefu kuliko yeye mwenyewe, na nyuma yake yakatoka maji. Meusi, baridi, yananuka majani ya miaka mingi. Yalimpiga kifuani yakamwangusha kwenye udongo wake mwenyewe. Yalimwagika jukwaani, yakapita viatu vyangu, yakaporomoka relini, na yakaendelea, na yakaendelea. Nora alipiga kelele. Treni ya saa tatu iliingia wakati huohuo, na abiria wakabaki madirishani wakimtazama mzee aliyeketi kwenye tope, ameshika mizizi kama mtu aliyemvua samaki, analia na kucheka.

"Clem Sugden!" dereva alimwita. "Ndiyo bustani bora hiyo?"

"Ya mwaka huu, ndiyo!" alijibu.

26 Novemba
Clem amefungua vifuniko vyote vilivyobaki. Vingine vilikuwa na majani tu, viwili vina mizizi. Hataki msaada. Nilimletea chai.

30 Novemba
Sodhi alikuja. Clem alikuwa amemtundikia ule mkia wa mizizi kwenye msumari mlangoni kwa Nora, kama ngozi ya mbweha. Kijana aliushika kwa mikono yote miwili. "Niliomba jibu ninaloweza kulishika," aliniambia.

Alipima, akagonga, akapanda ngazi. Chuma chenyewe ni kizima, alisema, nyufa ni za maji yaliyoganda, na maji yamepata njia. Nguzo zilizopasuka zinaweza kuvishwa pete za chuma, kama pipa. Atapeleka hilo, pamoja na mizizi. Akaizungushia gazeti na kuibeba begani hadi kwenye treni. Nora alimpa keki nzima kwa ajili ya mama yake.

6 Desemba
Hakuna habari. Theluji kidogo milimani.

13 Desemba
Mafundi wamekuja na pete. Sijasikia uamuzi kwa maneno, lakini mtu hanunulii viatu mguu anaotaka kuukata. Alasiri Sodhi alipiga simu kwa Nora kuthibitisha. Paa linabaki. Nora aliangusha simu, akambusu Clem, akanibusu mimi, akambusu postamasta aliyekuwa ameingia kununua mkate.

Clem amewaandikia waamuzi kwamba mwakani stesheni haitashindana. Kombe amempa Nora. Limekaa juu ya kabati, limejaa vijiko.

22 Desemba
Mvua tangu asubuhi. Theluji iliyotabiriwa imekuja ikiwa maji, kama kawaida yetu.

Clem amekwisha kuupanda upya mwaridi wa Hetty, ng'ambo, chini ya ngazi za kibanda cha ishara, mahali pasipo nguzo wala bomba. Kama utashika, tutajua majira ya kuchipua. Kwa sasa ni vijiti vitano na kibandiko cha mbao. Tulikuwa tumeketi benchini chini ya paa, yeye na mimi, mikono imezunguka vikombe, tukiutazama kupitia pazia la matone yanayodondoka, kila tone kwenye ncha ya jino lake.

"Zamani mimi nilikuwa kule juu na yeye huku," Clem alisema. "Sasa yeye yuko kule."

Aliinua mkono. Akaupungia mwaridi, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi, kisha akaushusha akaona aibu. Mimi nilijifanya natazama saa.

Baada ya hapo aliinuka akaenda nguzo ya nne na kubandika sikio juu ya pete mpya. Akaniita kwa kidole. Nilibandika langu upande wa pili, tukabaki tumetazamana, wazee wawili na chuma katikati. Ndani maji yalikuwa yanashuka, mengi, bila haraka, kutoka kwenye kila bonde la kioo hadi chini gizani.

Nilifungua kinywa nimweleze kwa nini nguzo hii ina sauti nzito kuliko nyingine.

"Nyamaza, Mwalimu," Clem alisema. "Inaongea."

Nikanyamaza.